Saa 9:30 au saa 11: ratiba ipi ya ofisi za serikali inakufaa wewe mwenye shida?

Nina steshenari ndogo mkabala na ofisi moja ya serikali, katika mji mmoja wa mkoa wa Tanga. Mashine mbili za fotokopi, printa, kompyuta iliyokwisha kuchoka, na benchi la mbao nje ya mlango. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Benchi hilo limenifundisha saa za kazi za serikali kuliko karatasi iliyobandikwa getini. Saa 1 asubuhi limejaa. Ikifika saa 5 limebaki na mtu mmoja au wawili. Halafu kuanzia saa 8:30 mchana wanafika watu wa aina nyingine, wenye vumbi la basi miguuni, wanaouliza hata kabla ya salamu: "Bado wapo?"

Dada yangu ana sayba, duka la kompyuta na intaneti, Mombasa nchini Kenya, alikoolewa. Kwa miaka tumekuwa tukibishana kwa simu. Yeye husema, "Nyinyi huko mwafanya kazi nusu siku, saa tisa u nusu washafunga." Mimi humjibu kwamba afadhali wetu wanafunga mara moja, wa kwao wanafunga mara mbili kwa siku ileile. Mwaka juzi alipofanyiwa upasuaji nilikwenda kumshikia duka wiki tatu, na ubishi wetu ukapata macho. Hapa nalinganisha nilichokiona pande zote mbili za mpaka, nikiwatazama wanaosubiri na wanaosubiriwa.

Tuanze na ratiba zenyewe, kama zinavyosomeka mlangoni:

| | Tanzania | Kenya |
|---|---|---|
| Kufungua | saa 1:30 asubuhi | saa 2:00 asubuhi |
| Mapumziko | hayamo kwenye tangazo | saa 7:00 hadi 8:00 mchana |
| Kufunga | saa 9:30 alasiri | saa 11:00 jioni |
| Siku | Jumatatu hadi Ijumaa | Jumatatu hadi Ijumaa |
| Saa za kazi kwa siku | 8 | 8 |

Mstari wa mwisho humshangaza kila ninayemwonyesha. Nane kwa nane. Mtumishi wa Tanzania anaanza nusu saa kabla ya mwenzake, hakuandikiwa saa ya kula, ndiyo maana anatoka saa moja na nusu kabla. Kwa wiki wote ni saa 40. Ufupi tunaousema ni wa macho: tunamwona afisa yuko barabarani na mkoba wake jua likiwa bado kali, tukasema hawa watu hawafanyi kazi. Alipokuwa akifungua madirisha saa 1:20 hatukumwona, sisi tulikuwa kwenye chapati.

Na si Tanzania peke yake. Serikali kuu ya Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, inafanya kazi saa 1:30 hadi saa 9:30 Jumatatu mpaka Alhamisi, na Ijumaa inafunga saa 6 mchana. Ni saa zetu zilezile, tena pungufu. Nina wateja wenye ndugu Dubai, sijamsikia hata mmoja akisema watumishi wa kule ni wavivu. Karatasi nyingi kule zinamalizikia kwenye simu, kwa hiyo saa ya kufunga mlango haimuumi mtu. Saa 9:30 inauma pale tu ambapo mlango ndio njia pekee.

Rwanda nao wamechagua lao. Tangu Januari 2023 ofisi zinafungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, na shule zinaanza saa 2:30, ili mzazi apate nafasi ya kumwandaa mtoto. Ni ratiba nzuri kwa familia. Ila getini kwangu nisingeipenda. Mtu aliyetoka kijijini na basi la saa 11 alfajiri amefika saa 1, angekaa saa mbili nzima kwenye benchi langu akitazama kufuli.

Dirisha lina saa zake

Kosa kubwa tunalolifanya ni kuchukua saa za ofisi tukadhani ndizo saa za dirisha. Ofisi ya mbele yangu inafunga saa 9:30, kweli. Lakini mlinzi huacha kutoa namba saa 8, na siku za msongamano hata saa 7. Hakuna palipoandikwa hivyo. Unalijua hilo ukiwa mwenyeji, au ukishaumia.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, ndani yake barua ya mtendaji wa kijiji na kadi ya kliniki iliyofifia maandishi. Alifika saa 8:50. Kutoka getini alikuwa akimwona afisa kwa dirisha, ameketi, mafaili mbele yake, anaandika. Mlinzi akamwambia, "Mama, leo wameshafunga kupokea, njoo kesho." Yule mama hakugomba. Alikuja akakaa kwangu, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, yule siye mtu niliyemwona pale?" Nilikosa la kumjibu. Alilala kwa binamu yake, nauli akaongezewa na mteja mwingine.

Saa 10:15 yule afisa akaja kwangu kununua kalamu na pini. Nikamuuliza. Akaniambia alikuwa na fomu zaidi ya sitini za tangu asubuhi, zote zinatakiwa kuingizwa kwenye mfumo, na mfumo wenyewe unapumua vizuri mchana watu wakipungua. Akipokea hadi saa 9:30, hizo sitini ataziingiza lini? Alikuwa ametoka ofisini dakika arobaini na tano baada ya muda wake, halipwi kwa hizo. Nilikasirika nusu, nusu nyingine ikamwelewa.

Tangu siku hiyo sibishani tena na mtu anayesema serikali iongeze saa. Wakisogeza kufunga hadi saa 11, dirisha litafungwa saa 9:30, na mafaili yatabaki palepale. Kinachokosekana ni mtu wa pili: mmoja apokee, mmoja aingize. Au basi waandike ukweli getini: "Kupokea ni mpaka saa 8." Mama yule angejua, angepanda basi la alfajiri.

Kwa dada yangu, Mombasa

Kule niliona jambo jingine. Saa 7 kamili, kama kengele ya shule, wanatoka wote. Anayehudumiwa katikati ya fomu anaambiwa, "Ngoja turudi lanchi." Foleni haivunjiki. Watu wanashuka kwenye ngazi kivulini, wanaacha bahasha au chupa ya maji ishike nafasi. Saa 8 kamili wanarudi kupanga mstari, na afisa wa kwanza anaonekana saa 8:20. Wa pili, saa 8:35.

Na kuna koti. Wakenya wote wanalijua koti hili: limening'inizwa nyuma ya kiti, mwenyewe hayupo. Ukiuliza unaambiwa yupo karibu, koti lake si hili hapa. Nilidhani ni mzaha wa magazeti hadi nilipompeleka mteja wa dada mahali fulani nikaliona kwa macho yangu, la kijivu, na miwani ya kusomea mfukoni. Tulikaa nalo tangu saa 8:40 hadi saa 10. Sisi kwetu hatuna koti, kwa joto la Tanga nani atavaa? Sisi tuna "yuko kikao."

Ukizikata saa za mchana za Kenya kwa ukweli huo, zile tatu zinabaki kama mbili. Ila hizo mbili ni mali. Mtu anayeishi mjini, aliyegundua saa 6 kwamba fomu yake inahitaji nakala nyingine ya kitambulisho, anatoka, anatoa nakala, anarudi saa 9 na anahudumiwa siku hiyohiyo. Kwetu mtu huyo ni wa kesho. Hapo dada alinishinda, na nilimwambia.

Yeye naye nilimshinda kwenye asubuhi. Muuza duka au mfanyakazi wa kampuni anaingia kazini saa 2. Tanzania ana nusu saa ya kupita dirishani kabla bosi wake hajafika. Si nyingi, ila mwenye kuchukua tu cheti kilichokwisha kutoka anaichukua na saa 2 yuko kazini. Mombasa ofisi inafungua saa anayoingia kazini, inakwenda kula saa anayokwenda kula yeye, inafunga saa anayotoka. Ni kama ratiba iliyopangwa ili wasikutane. Mwajiriwa wa Kenya lazima aombe ruhusa, au adanganye kwamba anaumwa.

Kwa nini watu wana hasira

Hasira ya watu kwa saa za serikali haikutoka kwenye saa. Imetoka kwenye kiti kitupu. Tarehe 6 Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alitoka Ikulu kwa miguu akaingia Wizara ya Fedha bila taarifa, akakuta baadhi ya viti havina watu. Nchi nzima ilishangilia, kwa sababu kila mtu alikuwa na kiti chake kitupu alichowahi kukiona. Hapa mbele yangu kwa miezi kadhaa maafisa walikuwa wakifika saa 1:15 wakikimbia, wengine wakiniomba niwahifadhie chai yao dukani waje wainywe wakipata upenyo. Sikuona hata mmoja aliyekaa hadi saa 11. Na foleni ilipungua kweli. Saa zilikuwa zilezile, viti tu ndivyo vilivyopata watu.

Jambo jingine ni miradi, yaani biashara za pembeni za watumishi. Kenya, tume ya serikali ya kuchunguza utumishi wa umma, tume ya Ndegwa, iliyotoa ripoti mwaka 1971 iliridhia watumishi wa umma wawe na biashara zao. Kwetu Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na hisa kwenye makampuni, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza kamba. Sasa pande zote mbili afisa ana kuku, ana bodaboda mbili, ana duka la vifaa vya umeme. Tofauti ni muda wa kuvishughulikia. Wa kwetu anafunga saa 9:30, saa 10 yuko bandani kwake, ni muda wake halali. Wa Kenya anayefunga saa 11 na kukaa kwenye foleni ya magari hadi usiku atakwenda bandani saa ngapi? Ndiyo lanchi inarefuka, ndiyo koti linabaki peke yake. Haya ni mawazo yangu mimi muuza kalamu, lakini nimewauzia kalamu wote wawili.

Uende wapi basi?

Ukitoka mbali, na uko Tanzania, usifanye hesabu ya saa 9:30. Hesabu mwisho ni saa 6 mchana, chochote cha baada ya hapo ni bahati. Fika saa 1, karatasi zimekamilika tangu jana: nakala, picha, barua ya mtendaji yenye muhuri unaosomeka. Nasema unaosomeka kwa sababu nimeona watu wakirudishwa kilomita sitini kwa wino hafifu. Saa 4 epuka, ni saa ya chai, na ingawa haimo kwenye tangazo inaheshimiwa kuliko tangazo. Ijumaa huku pwani ihesabu kuwa ni asubuhi tupu.

Ukiwa Kenya, na huduma yako inapatikana kwenye Huduma Centre, kituo chenye huduma za idara nyingi mahali pamoja, nenda huko uachane na ofisi ya idara. Vituo hivyo vilianza Novemba 2013 Nairobi, mwaka 2015 vikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, na sasa vimefika kaunti zote. Sifa yake kubwa kwangu si tuzo. Kituo kilicho karibu na sayba ya dada wanakula kwa zamu. Saa 7:30 mchana nilimkuta mhudumu dirishani, nusura niushangilie ukumbi mzima. Na namba yako inaitwa kwa spika, hakuna chupa ya maji ya kushika nafasi. Tanzania, Shirika la Posta nalo lina Vituo vya Huduma Pamoja vya namna hiyo, ila bado ni vichache, mkoa wako huenda hauna. Ukikosa hicho Kenya na lazima uende idarani, kuwa wa kwanza saa 2, au njoo saa 8:30 ukiwa umeshakula na umetulia. Kufika saa 6:30 ni kujitafutia ngazi ya kukalia.

Mtandao je? Kwa malipo, ndiyo, bila kufikiri. Tangu mfumo wa malipo wa serikali yetu ulipoanza mwaka 2017, nachukua kontrol namba ya mteja, yaani namba ya kulipia, saa 2 usiku, analipa kwa simu, asubuhi anakwenda na risiti tu. Zamani mhasibu alikuwa anafunga kitabu cha stakabadhi mapema awahi benki, na dirisha la malipo lilikuwa la kwanza kufa kila siku. Hilo limekwisha. Kenya wamekwenda mbali zaidi: eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inabeba huduma kwa maelfu, na pesa zote zinaingia paybill moja (namba ya kulipia kwa simu), 222222. Dada ananiambia sayba yake saa 1 jioni sasa ina foleni kuliko ofisi ya chifu saa 3 asubuhi. Kwa hiyo, mniwie radhi, hapa nina maslahi: kadiri serikali inavyohamia mtandaoni ndivyo sisi wenye kompyuta tunavyokula. Wengi hawana simu ya kufungulia fomu, au wanayo na hawaiamini. Ofisi ya serikali siku hizi inafungwa saa 3 usiku, ninapofunga mimi, na ada ya ziada ni yangu.

Ila mlango wa saa 24 nao una siku zake. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, ikawa inaingia na kutoka kwa siku kadhaa. Pasipoti, viza, hata tiketi za treni ya SGR zikasumbua. Dada alikuwa na mteja mwenye safari kesho yake, tiketi haikatiki, na hakuna dirisha la kumkimbilia kwa sababu kila mtu alikuwa amehamishiwa kwenye kioo kilekile. Alitamani koti la kijivu. Kwa kitu chenye tarehe ya mwisho, usingoje usiku wa mwisho eti mtandao haulali.

Na kwa wazazi wenye watoto wadogo, wagonjwa, au wazee: mchana wa Kenya ni mwepesi kuliko alfajiri ya Tanzania. Kumwamsha mzee saa 10 usiku ili awahi namba ya kwanza si jambo dogo, na sijaona getini kwangu mstari wa wazee unaoheshimiwa kila siku. Hapo ratiba yetu inapoteza, sina la kuitetea.

Mwaka jana dada alihitaji nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na kilitolewa huku. Akapanda basi Mombasa asubuhi, akavuka mpaka wa Horohoro, akaingia kwangu saa 8:05 mchana akitabasamu. "Mdogo wangu, muda bado upo, huko kwetu ndiyo warudi lanchi." Nikamwonyesha mlinzi aliyekuwa akikunja kiti chake cha plastiki. Alilala kwangu. Saa 1:10 asubuhi alikuwa namba mbili, saa 2:20 ametoka na cheti mkononi, saa 3 yuko ndani ya basi la kurudi. Nikajiona nimeshinda ubishi wa miaka kumi. Saa 5 simu ikalia, ujumbe wake kutoka mpakani: "Wangenipokea jana ile saa nane, hii leo ningeamkia kwangu."